Rekodi ya uyoga wa maziwa katikati ya Nairobi: je, niifute?

Wanjiru (Kasarani): Hamjambo nyote. Ninapanga rekodi za hebaria (mkusanyiko wa sampuli zilizokaushwa) za Lactifluus edulis, uyoga wa maziwa, yaani unaotoa utomvu kama maziwa ukikatwa, unaoliwa katika maeneo ya misitu ya miombo, ili nichore ramani ya mazoezi. Nukta zote zinaeleweka isipokuwa moja, iliyoangukia karibu na Makumbusho ya Taifa, mahali ambapo miombo haipo hata ya dawa. Picha ya lebo inaonyesha wino uliofifia, jina la jenasi (kundi la spishi zenye undugu) Lactarius na neno "Tanganyika".

Mzee Hamisi: Usiifute, binti yangu. Hebaria ya Afrika Mashariki ilianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ikahamia Nairobi mwaka 1950, kwa hiyo sampuli ya Tanganyika kukaa kwenye kabati la Nairobi si ajabu. Yaelekea aliyeingiza data hakukuta latitudo na longitudo kwenye lebo, akaandika za jengo. Hiyo ni nukta ya kabati, si ya msitu! Ondoa nukta hiyo tu, rekodi ibaki, kisha unakili mahali neno kwa neno kama lebo inavyosema. Lactarius nalo lisikutishe: utafiti wa DNA wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa jenasi hiyo ilichanganya koo zaidi ya moja, na spishi nyingi za Afrika ya kitropiki sasa zimo katika Lactifluus. Lebo ya zamani haiguswi. Jina jipya huandikwa kwenye kijikaratasi cha pembeni, pamoja na tarehe na jina la aliyeutambua uyoga.

Achieng: Shikamoo Mzee. Wanjiru, linganisha pia jina na nambari ya mkusanyaji, kwa kuwa sampuli moja hugawanywa na nakala zake kupelekwa hebaria za nje, nawe ukizihesabu mara mbili utaipa spishi wingi usiokuwepo. Kisha soma maelezo ya shambani, ambayo kwangu ndiyo mali hasa: rangi ya maziwa, jinsi inavyobadilika hewani, na ladha yake hupotea uyoga ukikaushwa. Spora (chembe za uzazi) hubaki, na vinundu vyake hugeuka bluu-nyeusi katika iodini, ila hilo halitoshi kutaja spishi.

Wanjiru: Asanteni sana. Lebo inasema "chini ya Brachystegia, maziwa meupe", yaani chini ya miti ya miombo, na inataja wilaya tu. Je, wilaya inatosha kwa ramani?

Mzee Hamisi: Inatosha, mradi uweke nukta katikati ya wilaya na uandike kando yake, kwa kilomita, umbali unaoweza kuwa umekosea.