Mjadala: Dereva wa matatu na wa boda anyimwe leseni kama hajui CPR?

Msafiri wa Jogoo Road (mwanzisha mada)

Wiki jana jioni nilikuwa kwenye foleni ya matatu Muthurwa. Mzee aliyesimama watu watatu mbele yangu akaanguka. Hakujikwaa, hakulia. Magoti yalilegea akashuka kama gunia la viazi, mfuko wake wa sukuma wiki ukapasuka, na kabla hujahesabu hadi ishirini tulikuwa tumemzunguka watu kama arobaini.

Nitawaeleza tulichofanya, ingawa naona aibu. Mmoja alipaza sauti "mpeni hewa!" tukarudi nyuma hatua moja, kisha tukasogea mbele mbili. Mama wa njugu akammwagia maji usoni. Kijana wa mitumba akataka kumketisha. Mwingine akaulizia kijiko, kwa kuwa mikono ya mzee ilitetemeka kidogo alipofika chini, na sote tukawa tumekata kauli kwamba ni kifafa. Kisha mzee akakoroma. Pumzi moja ndefu, kimya, nyingine, kimya kirefu zaidi. "Anapumua!" tukaambiana, tukatulia kabisa kama watu waliomaliza kazi. Robo saa baadaye alipopakiwa kwenye Probox ya msamaria mmoja, uso ulikuwa umeshabadilika rangi. Konda wa steji ile aliniambia kesho yake kwamba mzee hakufika.

Kumbe mkoromo ule si kupumua. Moyo unaposimama, mtu anaweza kukoroma hivyo kwa dakika kadhaa, na hapo ndipo mtu anapaswa kupiga magoti na kuanza CPR, yaani kukandamiza kifua ili damu iendelee kufika kichwani. Sisi ndipo tulipopumzika.

Hoja yangu ni hii. Denmark walianza kufundisha jambo hili shuleni mwaka 2005, na mwaka 2006 wakalifanya sharti la leseni ya udereva. Mwaka 2001, kati ya watu 100 waliosimama moyo nje ya hospitali, kama 21 hivi walikandamizwa kifua na wapita njia. Kufika 2010 walikuwa 45. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walipanda kutoka 3.5 hadi 10.8 katika kila 100. Najua sababu hazikuwa hiyo moja tu. Lakini sisi hapa kutwa tuko mikononi mwa dereva, konda na mtu wa boda. Napendekeza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, isimpe wala isimhuishie leseni yeyote anayebeba abiria mpaka aonyeshe kwa mikono yake kwamba anaweza. Mnasemaje?

Babake Imani

Nasema hapana. Pole kwa uliyoyaona, lakini wewe unaishi Nairobi au Copenhagen? Weka sharti hilo leo, kesho cheti cha CPR kinapatikana River Road kikiwa na muhuri, ukingoja tu. Dereva atakuwa nacho mfukoni pamoja na vingine, na siku ukianguka atakumwagia maji vilevile. Umeongeza hongo moja barabarani, basi.

Na jambo la pili. CPR ni daraja. Kule ng'ambo ya daraja kuna ambulensi yenye mashine ya kushtua moyo. Hapa ng'ambo kuna nini? Foleni ya Mombasa Road saa kumi na mbili jioni.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Nafanya kazi kitengo cha dharura, sitasema wapi. Kabla hamjagombana kuhusu leseni, nisaidieni kwanza kuzika mambo mawili. Kijiko mdomoni: hapana, hata kwa kifafa. Kitavunja meno, au kipande cha jino kiende kooni. Maji usoni: hapana. Moyo uliosimama hauamshwi na baridi.

Babake Imani ana haki kiasi. Bila msaada wowote, kila dakika inayopita inapunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10. Ubongo huanza kuharibika kwenye dakika ya nne, ya tano hivi. Kukandamiza kifua hakuzuii saa hiyo kwenda, kunaipunguza mwendo. Hata Marekani, kwenye ambulensi na mashine kila kona, anayesimama moyo nje ya hospitali akatoka wodini kwa miguu yake ni kama mmoja kwa kumi. Mnaoona kwenye filamu mtu anakohoa mara mbili na kuinuka, sahauni.

Lakini angalia hesabu upande wa pili, Baba. Kama Probox itachukua dakika ishirini kufika kwetu, yule ambaye hakukandamizwa nampokea nikiwa sina la kufanya. Ninaandika saa tu. Aliyekandamizwa bila kuachwa, angalau kuna kitu cha kuanzia. Foleni ndiyo inayofanya mikono ya mpita njia iwe na maana zaidi hapa kuliko kwa Wadeni.

Konda wa Rongai

Nyinyi wote mnaongea kama shida ni kujua. Mimi najua. Sacco yetu, ushirika wa wenye matatu, ilileta watu wakatufundisha miaka miwili iliyopita, na yule mwanasesere wa plastiki asiye na miguu. Nilipita vizuri.

Sasa sikiza. Mwaka jana, Tom Mboya, saa tatu usiku, kuna jamaa alikuwa amelala kando ya duka, suti safi, kiatu kimoja. Mji huu sote tunajua mchele. Mtu anatiliwa dawa kwenye kinywaji, anaamka kesho bila simu. Nikainama nimtikise bega. Mkono wangu haujafika kifuani nikasikia nyuma, "Huyo! Anamsachi!" Wasee, mnajua Nairobi neno hilo likishasemwa kinachofuata ni nini. Sikungoja kuelezea. Nilikimbia mpaka Odeon.

Alikuwa mzima au la, sijui hadi leo. Hilo cheti halinisaidii.

Msafiri wa Jogoo Road

Konda, nimesoma hapo mara mbili. Muthurwa nami nilikuwa na sauti hiyo kichwani, sema tu sikutaka kuiandika. Mzee alikuwa na simu kwenye mfuko wa shati, juu kabisa ya mahali pa kukandamiza. Niliiona. Nadhani kila mtu aliiona, na kila mtu akakunja mikono.

Wakili Mdogo

Niweke sheria mezani kwa ufupi. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 7, inarudia haki hiyo na kuhesabu humo huduma ya kabla ya kufika hospitali. Vizuri. Lakini vifungu hivyo viwili vinamtazama mgonjwa na mlango wa hospitali. Yule aliyepiga magoti barabarani havimtaji. Kabla ya kumlazimisha konda kwa leseni, ningetaka sheria iseme wazi kwamba anayesaidia kwa nia njema hatashtakiwa kwa ubavu uliovunjika.

Na mlango wenyewe msiusahau. Mwaka 2015 mgonjwa wa ajali alizungushwa mji huu ndani ya ambulensi saa 18, na Katiba hiyohiyo ilikuwepo.

Babake Imani

Asante wakili. Na ubavu huvunjika kweli?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Huvunjika, tena mara nyingi kwa wazee. Utausikia chini ya kiganja, kama kuvunja kijiti kikavu, na tumbo litakuchafuka. Usiache. Ubavu huunga.

Kwa kuwa umeuliza, niseme kazi yenyewe ilivyo. Mlaze chali mahali pagumu, lami au sakafu, si kwenye kiti cha matatu. Mtikise, mwite. Haitiki, na ndani ya sekunde kumi huoni kifua kikipanda kama cha mtu aliyelala: anza. Kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega yako juu ya mikono yako. Bonyeza sentimita 5, usipite 6, kisha achia kifua kirudi juu chote. Wengi husahau kuachia, na moyo hauna nafasi ya kujaa damu. Mara 100 hadi 120 kwa dakika. Dakika mbili zikiisha mwingine apokee, maana utakuwa umechoka hata kama hujijui.

Habari ya mdomo kwa mdomo, ambayo najua inawaogopesha kwa sababu ya TB: mtu mzima akianguka ghafla mbele yako, mikono peke yake inatosha. Chama cha moyo cha Marekani kilishasema hivyo kwa watu wasio na mafunzo tangu 2008.

Bi Swafiya wa South C

Hapo mwanangu nesi, niruhusu niongeze, maana mimi ni mtu wa Pwani na bahari imetuzikia watoto. Aliyezama, na mtoto mdogo, shida yao huanza kwenye pumzi. Hao wanahitaji kupuliziwa: 30 za kifua, 2 za pumzi. Msije mkasoma "mikono tu" mkaishia hapo.

Nami nina langu ambalo hakuna mwanamume hapa atakayelisema. Nikianguka mimi, na buibui langu, katikati ya Eastleigh, nani ataweka kiganja kifuani pangu? Nimewauliza vijana wangu wawili nyumbani. Walitazamana. Mkubwa akasema, "Mama, kwa mtu nisiyemjua, ningemtafuta mwanamke kwanza." Atamtafuta dakika ngapi? Na mimi mwenyewe nimelala pale. Nimewaambia: nguo haihitaji kufunguliwa, mkono unabonyeza juu ya kitambaa, na roho ina hadhi kuliko haya zenu.

Kuhusu leseni, siungi mkono. Nilisomesha miaka 26. Norwei wamekuwa wakifundisha CPR shuleni tangu mwaka 1961; na yule mwanasesere aliyemfunza konda wetu chimbuko lake ni hukohuko, kwa mtengeneza vichezeo vya watoto, mwaka 1960. Fundisheni darasa la saba. Mtoto wa miaka kumi na mitatu hana haya ya kijinga na hana leseni ya kununua.

Babake Imani

Bi Swafiya, shikamoo. Mtoto wa darasa la saba ana nguvu ya kubonyeza sentimita tano?

Bi Swafiya wa South C

Marahaba. Wengine hawana. Lakini ana mdomo wa kumfokea babake: "Si hapo, katikati!" Nilikuwa na darasa la wanafunzi hamsini na wanne. Kila mmoja alirudi kwenye nyumba yenye watu wazima.

Msafiri wa Jogoo Road

Sawa, shule. Lakini hao watashika usukani baada ya miaka kumi. Mzee wa Muthurwa alianguka Jumanne. Bado nataka leseni, ila nakubali na wakili kwamba ulinzi wa kisheria utangulie. Na cheti kisiwe karatasi: mtu apige magoti mbele ya mtahini dakika mbili, jasho limtoke. Hiyo River Road haiuzi.

Babake Imani

River Road inauza mtahini.

Konda wa Rongai

😂 Umesema kweli buda. Tena siku nzima ya mafunzo ni siku ya hesabu, zile pesa za kila siku za mwenye gari. Tajiri hatasamehe hata mia.

Lakini nataka nesi anijibu langu la Tom Mboya. Nifanyeje na umati?

Nesi wa Zamu ya Usiku

Kosa lako lilikuwa kuinama kimya. Mwizi ndiye huinama kimya.

Ukifika, simama kwanza wakuone, sema kwa sauti ya konda uliyo nayo: "Huyu hapumui, namkandamiza kifua, nani anajua?" Kisha mpe mtu kazi kwa kumwonyesha kidole: "Wewe wa shati la buluu, piga 1199, Msalaba Mwekundu. Mama, toa simu na pochi yake uzishike hapo juu, kila mtu azione. Wewe, simama hapa, utanipokea nikichoka." Usiseme "mtu apige simu", hakuna anayeitwa Mtu. Na wahesabu pamoja nawe kwa sauti: moja, mbili, tatu. Watu wakianza kuhesabu hawakuiti mwizi tena, wameshaingia kazini.

Mnamkumbuka Eriksen, yule mchezaji wa Denmark aliyesimama moyo uwanjani, 12 Juni 2021, Denmark wakicheza na Finland? Wenzake walimzunguka wakiwa wamempa mgongo, wakawa ukuta, madaktari wakafanya kazi ndani. Mashine ilikuwepo uwanjani, ndiyo, Babake Imani, kabla hujaandika. Ila watu arobaini wa Muthurwa nao walitosha kuwa ukuta.

Babake Imani

Nilikuwa naandika hivyo hivyo. Leseni bado napinga. Watu wawili kwa kila steji, waliofunzwa, wanaojulikana na mama wa njugu na mwuza maji, hao naunga. Wakiinama, steji inajua ni nani. Sacco ikubali kulipa hesabu ya siku moja.

Konda wa Rongai

Niripoti. Leo saa nane, gari likingoja kujaza, tulikunja mto wa kiti cha nyuma tukauweka chini kwenye lami nikawaonyesha dereva na wale wa gari la nyuma. Dereva wetu, mnene, anajiita simba, alienda sekunde arobaini akalia mgongo. Kijana wa maji wa miaka kumi na tisa akaenda dakika mbili kamili bila kupunguza. Sikujua.

Tulipofika sitini na kitu watu walikuwa wameshajaa, wakidhani tumegonga mtu. Mmoja akauliza ni mwizi? Mama wa njugu akamjibu, "Ni mto. Hesabu."