Shelisheli au Morisi mwezi wa nane? Tupeane uzoefu

Kibubu, Dar es Salaam

Wadau, habari za siku. Agosti mimi na mama watoto tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Hatukuwahi kwenda fungate. Harusi ilikuwa Jumamosi, Jumatatu kila mtu akawa kazini kwake. Tangu mwaka ule tumeweka kibubu cha mbao chini ya kitanda, na mwezi uliopita tumekivunja. Fedha inatosha safari moja ya siku nane, ya baharini, nje ya nchi. Sijui lini tutapata nyingine, ndiyo maana naogopa kukosea.

Mwenzangu anataka Shelisheli. Ameona picha za yale mawe makubwa ya kisiwa cha La Digue, na kila jioni ananionyesha upya. Mimi moyo uko Morisi: milima, mashamba ya miwa, vyakula vya Kihindi, na nasikia bei zina unafuu. Kila mmoja anaona haya kumlazimisha mwenzake.

Waliofika, naomba msimulie. Mlikwenda mwezi gani, mlilala upande gani, nini kiliwakuta. Sifa za kwenye mabango tumeshazisoma.

Nesi wa Likoni

Hongereni kwa miaka kumi, kaka. Mimi na mume wangu tulikwenda Shelisheli, tena Agosti hiyo hiyo. Nimezaliwa naisikia bahari, lakini nilifanya kosa ambalo bibi yangu asingelifanya: sikuuliza upepo. Agosti ni kusi. Kusi linalotupiga huku Mombasa, kule linavikuta visiwa peke yao katikati ya bahari.

Nyumba tuliyokodi ilikuwa Grand Anse, kisiwa cha Praslin. Asubuhi ya kwanza nilifungua dirisha nikakuta ufuo mzima umefunikwa mwani, umelundikana, umeanza kunuka. Nililia. Fedha ya mwaka mzima, halafu mwani! Mume wangu akaenda kumwuliza mama mmoja wa dukani. Yule mama akamwambia msikae huku, miezi hii watu huoga upande wa pili. Tukapanda basi, tukamalizia kwa miguu kwenye kilima chenye jua kali, tukateremkia Anse Lazio.

Kaka, sina maneno ya kutosha. Maji yametulia, unaona vidole vyako vya miguu ukiwa umezama hadi shingoni. Mawe ya rangi ya kijivu na waridi, makubwa kuliko nyumba yangu, yamelainishwa kama yamepakwa mafuta. Na kivuli ni cha mitondoo, ile ile ya pwani yetu. Wao huiita takamaka. Kisiwa kimoja, siku moja, bahari mbili tofauti kabisa. Ukienda wakati wa kusi, kwa Mahé, kile kisiwa kikuu, lala Beau Vallon, kwa Praslin lala upande wa kaskazini. Kaskazi ikianza kuvuma, mambo yanageuka: Anse Lazio inachafuka na Grand Anse inatulia.

Boti ya kutoka Mahé hadi Praslin ni kama saa nzima, na siku yetu karibu nusu ya abiria walitapika. Mezeni dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda, siyo mkiwa njiani. Kuna ndege ndogo pia, dakika chache tu, lakini bei yake ni nyingine.

Gharama ndiyo iliyotuuma. Vitu vingi dukani vimeletwa kwa meli, hadi nyanya unaishika ukiiwazia. Sisi tulipika wenyewe, na mchana tukanunua wali na mchuzi wa samaki wa nazi kwenye vibanda vya kubeba chakula. Mtamu kama wa nyumbani.

Baba Mapacha, Nairobi

Mimi ni wa Morisi. Tulikuwa wanne, watoto wa miaka sita wawili, mwezi wa saba. Watu wengi hawaelewi kwamba Morisi iko mbali kusini na ina majira ya baridi ya kweli. Tulilala Belle Mare, upande wa mashariki. Ufuo mzuri, mrefu, mweupe, lakini upepo haukulala hata usiku mmoja. Watoto walitoka majini midomo imekuwa ya samawati. Siku ya tatu nikakata shauri, nikapoteza fedha ya usiku uliobaki, tukahamia Flic en Flac upande wa magharibi. Milima iko katikati na inakinga upepo. Tukaanza likizo upya.

Faida ya Morisi ni kwamba ukikosea upande, unapanda gari na kuhama. Ni kisiwa kimoja kikubwa, hakuna boti wala tiketi nyingine. Mwamba wa matumbawe umekizunguka karibu chote, kwa hiyo maji ya ndani ni shwari na mafupi. Kwa mwenye watoto hiyo ni amani kubwa. Nunueni tu viatu vya mpira vya majini, kuna urumba na matumbawe makali.

Na chakula! Port Louis tulikula dholl puri tumesimama barabarani: chapati mbili laini zenye dengu za kusaga ndani, wanapaka mchuzi wa maharage na achari, wanakunja kwa karatasi. Mwanangu alikula tatu. Kuna na bajia za dengu zenye pilipili, ukifumba macho uko Mombasa. Basi ni rahisi lakini huisha mapema jioni, na mwezi wa saba giza huingia kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Bebeni sweta. Nasema kweli, sweta.

Mjukuu wa Hoima

Mimi nilikwenda Mahé kwa sababu nyingine. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko uhamishoni na Waingereza. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliachiwa mwaka 1923 akafia Jinja, hakufika nyumbani. Babu yangu alikuwa akilitaja jina la kisiwa hicho kwa sauti ya chini. Nilisimama Beau Vallon jua linazama, watu wanaogelea, nikafikiri: mtu alikaa zaidi ya miaka ishirini akiangalia maji haya haya akitamani kwao. Sikuoga siku hiyo. Kesho yake nilioga.

Mkienda, hata dakika tano, wakumbukeni.

Dada wa Jambiani

Shemeji Kibubu, mimi nitasema tofauti kidogo. Mchanga mweupe tunao. Bahari ya kijani tunayo, ipo nje ya mlango wangu. Kama ni hivyo tu, fedha yenu inatosha wiki mbili Unguja na chenji inabaki. Safari ya mbali iwape kisichopatikana huku.

Shelisheli kuna msitu wa Vallée de Mai pale Praslin, urithi wa dunia tangu 1983. Humo ndimo inapoota ile minazi ya ajabu yenye nazi mbili zilizoshikana, nazi moja inaweza kupita kilo ishirini. Upepo ukipita juu, majani yale mapana yanagongana kama mabati. Nilikaa chini saa nzima nikisikiliza. (Msinunue nazi hiyo bila kibali chake, itazuiwa uwanja wa ndege.) Hata wale kobe wakubwa wa kisiwa chetu cha Changuu waliletwa Unguja kutoka Shelisheli, mwaka 1919. Na mashelisheli tunayochemsha huku, kule huyakaanga membamba kama krisps. Wenyeji wanaamini aliyelila tunda hilo kwao lazima atarudi. Mimi nimelila, nangoja.

Morisi sikufika, kwa hiyo sitaisema vibaya.

Mpishi wa Pangani

Nilifika Morisi kwa kazi, nikabaki wiki ya likizo. Watu wakitaja Morisi wanataja hoteli. Mimi nakuomba uende Le Morne, mlima ule wa kusini magharibi, hata kama mtalala kaskazini. Watumwa waliotoroka walijificha kwenye majabali yake, na wengi wa watumwa wa kisiwa kile walitoka Madagaska na pwani yetu ya Afrika. Chini yake kuna ufuo mzuri kupindukia. Nilipoingia majini nikiutazama mlima nilishikwa na kitu kifuani.

Jioni nikasikia sega, muziki wao wa asili, ufuoni. Kabla ya kupiga, mzee aliigeuza ngoma yake, ravanne, akaipasha joto ngozi ya mbuzi juu ya moto wa makuti hadi ikalia. Ndivyo wanavyofanya kwetu. Nilimwonyesha kwa mikono kwamba naijua, akanipa niipige.

Jambo moja la fedha. Wakala aliyenikatia safari alisema chakula kimo. Nilipofika, kilichokuwemo ni cha asubuhi na cha usiku tu. Mchana na maji ya kunywa nililipa mwenyewe, na gari la kutoka uwanja wa ndege pia. Mwambieni wakala aandike kila kitu kimoja kimoja, na muyasome kabla ya kulipa.

Nesi wa Likoni

Naongezea. Shelisheli kila mgeni huomba kibali cha kusafiri mtandaoni kabla ya kuondoka, akiwa na tiketi ya kurudi na mahali pa kulala. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano bebeni popote muendapo. Tulimwona mtu amewekwa kando na wenzake wanapita.

Kibubu

Nawashukuru sana. Jana usiku tumesoma yote pamoja, mimi nasoma kwa sauti, yeye anakunja nguo. Nilipofika kwa Mjukuu wa Hoima, akaacha kukunja.

Tumeamua Shelisheli, lakini siyo Agosti. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na nimeona aibu kwamba amenikumbusha nesi jambo ambalo mzee angelisema kwanza: nendeni wakati wa maleleji, upepo wa kusi umechoka na kaskazi haijaanza. Nimeomba likizo Oktoba, bosi amekubali. Praslin siku nne, La Digue siku tatu, Mahé usiku mmoja wa kurudia. Morisi tutakwenda na watoto, kibubu kipya kimeshatundikwa.

Nina swali moja limebaki. La Digue nasikia watu wanatembea kwa baiskeli, magari ni machache. Mama watoto hajawahi kuendesha baiskeli maishani mwake. Itakuwaje?

Dada wa Jambiani

Kutoka gatini hadi Anse Source d'Argent hata kwa miguu mnafika, njia ni tambarare na mnapita kwenye shamba la minazi la kulipia kiingilio. Lakini shemeji, Oktoba bado iko mbali. Mtoe uwanjani leo jioni, umshikie kiti kwa nyuma.