Chakula cha jioni cha wapishi wengi: nijiandae vipi?

Swali: Nimealikwa kwenye chakula cha jioni ambapo wapishi wa mikahawa mbalimbali wataandaa sahani moja moja kwa zamu. Kwa kuwa nina mzio wa karanga, niwaarifu waandaaji lini?

Jibu la kwanza: Waarifu unapothibitisha kuhudhuria, kwa sababu kila mpishi huandaa michuzi yake mapema, pengine katika jiko lake mwenyewe, na ukisubiri kumwambia mhudumu mezani, karanga zilizokwisha kusagwa mchuzini haziwezi kuondolewa.

Jibu la pili: Naunga mkono. Aidha, usishibe mkate wa mwanzo, kwani sahani ni ndogo lakini ni nyingi.

Jibu la tatu: Kwa kawaida ladha hupangwa kutoka nyepesi kuelekea nzito. Mpishi akipita mezani, muulize alichokusudia. Kwangu mimi, mazungumzo hayo yana thamani kubwa kama chakula chenyewe.