Naomba ushauri: baht 25,000 kufundisha Kiingereza Thailand, inalipa kweli?
Wakuu, habari za saa hizi. Nipo Newala, nafundisha Kiingereza sekondari ya binafsi. Nimepata ofa ya shule moja nje kidogo ya Bangkok: baht 25,000 kwa mwezi, chumba najitegemea, nauli juu yangu. Nikizipiga kwa shilingi naona nyingi, lakini si nitapanga na kula hukohuko kwa baht?

Kinachonikosesha usingizi ni wakala. Anataka niingie kwa viza ya utalii, eti kibali cha kazi kitafuata. Ninavyojua, kufundisha kule bila kibali ni kosa. Na mzee keshasema atatoa hela ya korosho ninunue tiketi, hela ambayo ndiyo ada ya wadogo zangu.

Mliowahi kuishi huko, chumba na chakula vinakula kiasi gani? Nimgomee wakala mpaka viza ya kazi itoke?