Boti ya kwanza ku ziwa Kivu, mbao ao fiba ao aluminiumu, kwa mwenye anatua mahali maji ni mafupi

MwanaNguba (Bukavu)
Wakubwa na bandugu, jambo. Mwaka huu njo nataka kununua boti yangu ya kwanza. Si ya biashara, ni ya kupeleka familia Ishungu kwenye shamba ya papa, siku zingine tufike kisiwa cha Ibinja, na kuvua kidogo asubuhi. Tuko batu 6, watoto 2 ndani yake. Shida yangu ni kutua. Kule Ishungu kwetu hakuna gati, ni tope na majani kama mita 30 mbele ya kufika udongo, maji inakufika ku goti, halafu huku Nguba ni mawe tupu.
Nimeonyeshwa vitu tatu. Ya kwanza mtumbwi wa mbao wa mita 8, seremala ataanza nikimupa avansi (pesa ya kuanzia), na moteri ya farasi 15 ya okazioni (yenye ilitumikaka). Ya pili kanoti ya fiba ya mita 5, tumbo ya kuchongoka, moteri ya 40, vyote vilitumikaka. Ya tatu kiboti cha aluminiumu cha mita 4 na nusu, chini bapa, bila moteri. Pesa yangu haipite dola 4,500 na jile (jaketi za kuelea) zitoke mu hiyo hiyo. Mngekamata gani? Sijaendeshaka hata siku moja, nimepandaka tu.

Fundi_moteri (Goma)
Karibu ndugu. Watu wengi wanauliza boti gani inapita maji mafupi, lakini chenye kinagonga chini si boti, ni mguu wa moteri. Mtumbwi unaweza kuelea ku maji ya sentimita 20 na moteri ikishuka unahitaji nusu mita na zaidi, ni hivyo kwa zote tatu. Basi jiulize hivi: nikishainua moteri, nitafikaje ku udongo? Kiboti cha chini bapa unasukuma na upondo kinaenda. Fiba ya kuchongoka ikigusa tope inalala upande, na moteri ya 40 nyuma ni uzito mwingi, mutashuka wote musukume.
Na mawe ya huku yanakata. Hapa Goma lava ya Januari 2002 iliingia mpaka ndani ya ziwa, kingo zake ni kama chupa iliyovunjika. Fiba ikikwaruzwa ngozi ya juu inatoka, maji inaanza kunywewa ndani polepole, kwa macho hauoni kitu, mwaka kesho boti imekuwa nzito na haujui juu ya nini. Nimezibaka mingi. Aluminiumu inabonyea tu, unagonga na nyundo unaendelea. Mimi nasema ya tatu na moteri ya 15.
Kitu kingine cha kujua mbele ya kununua moteri yoyote: Kivu iko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, moteri ya karibirateri inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, kwa hiyo 15 yako huku inasukuma kama 13 hivi. Kama ilitoka pwani bila kurekebishwa itakunywa esansi (petroli) mingi, buji (plagi) zitakuwa nyeusi. Fundi abadilishe kile kitundu cha karibirateri chenye kinapitisha esansi akiweke kidogo, na elisi (panga la moteri lenye linasukuma maji) ikamate yenye kujikunja kidogo kuliko ile ya kiwandani, la sivyo moteri inachoka mbele ya kupata spidi.

Mama_wa_Idjwi
Mwanangu mimi nabebaka mananasi na kahawa miaka 11 sasa, kutoka Idjwi kuja Bukavu, na nimetumia mbao tu. Sababu ni moja. Mbao ikipasuka Ishungu, Ishungu wako seremala. Ikipasuka Birava, Birava wako. Misumari, ubao, pamba na lami, kesho yake unaondoka. Aluminiumu ikipasuka ku mshono nani atakuchomea? Ataichoma na mashini ya chuma aharibu kabisa, nimeona kwa macho yangu. Na mbao ikijaa maji haizame kama jiwe, unaishikilia.
Lakini mbao inataka mutu wa kuihurumia. Kila asubuhi unakomba maji. Usiiache ndani ya maji mwaka muzima, inakuwa nzito moteri inalia, uivute inje, ikauke, uzibe tena, upake. Kama unajua hautakuwa na hiyo nafasi usikamate mbao.
Na hii naisema kwa uchungu kwa sababu nilizika watu. Mita 8 isikudanganye. Jirani atasema nipe nafasi ya magunia mawili tu, shangazi atakuja na watoto wake, na wewe utaona aibu kukataa. Kataa. Ile boti ya Oktoba 2024 ilikuwa inatoka Minova, ilikuwa imejaa kupita kiasi, ikazama mbele ya Kituku, bandari ya Goma, watu walikuwa wanaiona kutoka ku bandari, karibu kabisa na kufika. Jile za watoto zinunue za watoto, ile ya mukubwa mutoto anatoka kwa chini.

Nilikaa_Mombasa (Goma)
Fundi ana haki juu ya chini bapa. Nilifanya kazi Mombasa miaka 4 na boti ndogo ndogo kwenye mikoko, na huko shida ya maji mafupi ni ya saa. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, siku za bamvua tofauti inapita mita 3, ukichelewa boti inabaki imekaa juu ya mchanga na wewe unangoja masaa. Huku Kivu hatuna hiyo, ukipitia mahali asubuhi jioni pako vile vile. Lakini usilale juu yake, maji yanapanda na kushuka na majira, jiwe lenye ulikuwa unapita juu yake mwezi wa 5 linaweza kukupiga mwezi wa 9.
Nilichojifunza huko na kinatumika huku ni kusoma rangi. Mchana jua likiwa juu na nyuma yako, maji meusi ya buluu ni marefu, ya kijani ni ya kuangalia, ya kahawia ama yenye unaona majani ni mafupi. Jua likiwa mbele yako hauoni kitu, kwa hiyo kutua jioni ukielekea magharibi ni kutua kipofu. Miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji inasaidia kweli kweli.

Kapteni_Mzee (Bukavu)
Vijana, mumesema vizuri ila mumesahau njia. Huyu mtoto anasema batu 6 na Ibinja. Kiboti cha mita 4 na nusu, chini bapa, batu 6 na mizigo ya shamba? Hapana. Hicho ni cha batu 4, na maji yakiwa ya kulala. Kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8, upepo wa kusini unaamka, unainua mawimbi mafupi mafupi, chini bapa inapigwa pa pa pa, maji inaingia mbele, mutoto analia, na mwenye kuendesha anaanza kuogopa. Kuendesha na woga ni kubaya kuliko moteri mbovu. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uwe umefunga, na kama upepo umeanza lala kwa shemeji.
Tena munaongea maji mafupi kama vile Kivu yote ni hivyo. Ziwa hili katikati linapita mita 400, na ku mingi kingo inaanguka ghafla, unatupa nanga ukifikiri ni mita 3 boti inasogea kidogo nanga inaning'inia haijagusa kitu. Kamba iwe ndefu mara tano ya maji. Ku mawe nanga inanasa, kwa hiyo funga kamba ya pili ndogo kichwani mwa nanga na kibido (kidumu) kitupu kielee juu, ikinasa unaivuta kwa kinyume inatoka.
Midomo ya mito epuka kisha mvua. Mafuriko ya Kalehe ya Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, yalishusha mawe na miti mpaka ziwani. Mahali kama pale usitegemee kumbukumbu ya zamani, weka mutu mbele na upondo, apime, aseme kwa sauti.
Na kwa bandugu wa Goma: mazuku, ile hewa ya sumu yenye inatoka ku udongo. Ukivuta boti ku shimo la mawe pembeni ya ziwa usilaze mutu ndani kulinda moteri. Ile hewa inakaa chini, usiku na asubuhi kama hakuna upepo, haina rangi, mutu anasinzia haamuke.

Fundi_moteri (Goma)
Mzee nakubali, batu 6 sikuwahesabu vizuri. Basi mbao, lakini tumia moteri kwa akili. Mbele ya kufika majani punguza gazi, inua mguu kidogo ule ufungo wa maji mafupi, uangalie kama moteri inaendelea kukojoa, ni kusema kutosha maji ya kujipoza inje. Ikiacha kukojoa zima palepale, haina maji ya kujipoza. Bukavu ni mbaya zaidi juu ya plastiki, zile mifuko na machupa zenye zinaendaka kuziba mashini ya umeme kule Ruzizi zinapitia kwanza mbele yako, zinaziba matundu ya mguu. Pompi ya maji kale kampira kake kanakulwa na mchanga na tope, kabadilishe kila miaka 2 hata kama hakajafa.
Usirudi kinyumenyume ku mawe hata kidogo. Ukienda mbele mguu ukigonga unaruka juu, ukirudi nyuma umefungwa haupande, unavunjika. Na ukigonga halafu moteri inapiga kelele boti haiende, usiogope, mpira wa ndani ya elisi umeteleza ili kulinda gia, rudi nyumbani polepole. Elisi ya pili iwe ndani ya boti siku zote, na kafi mbili. Kama ni moteri ya mapigo mawili, oili mililita 400 ku bido ya lita 20, changanya ku bido, si ku macho.

Mama_wa_Idjwi
Nyongeza: usiku kuna mitumbwi ya kuvua sambaza (samaki wadogo), ile mitatu mitatu iliyofungwa na miti mirefu, taa mbele. Zunguka mbali, chini ya taa kuna nyavu. Elisi ikikamata nyavu umeharibu kazi ya wenzako na yako pia.

MwanaNguba (Bukavu)
Aksanti sana wazee, aksanti mama. Fiba nimeiacha, na aluminiumu pia kwa sababu ya hesabu ya Kapteni. Nakamata mbao. Nimeongea na seremala leo, atapiga bati la chuma chini ya pua mpaka nusu ya tumbo juu ya mawe ya Nguba, na jile 6 nimenunua kwanza, mbili za watoto, mbele hata ya kutoa avansi. Swali la mwisho kwa Fundi: seremala ananiuliza bao la nyuma penye moteri inafungwa liwe na urefu gani, na mimi sijui nimujibu nini.

Fundi_moteri (Goma)
Asikate bado! Moteri ziko na mguu mfupi na mrefu. Mfupi ni wa bao la sentimita 38, mrefu 51. Nenda kwa mwenye anakuuzia, pima kutoka kwenye kikamatio cha juu, pale panakaa juu ya bao, mpaka ile sahani bapa yenye iko juu ya elisi. Hiyo sahani inapaswa kuwa sawasawa na chini ya tumbo ya mtumbwi, ao chini yake kidogo sana. Kwa maji yako ya Ishungu tafuta mfupi, ule mrefu utakulima tope. Tuma picha ya metre ikiwa juu ya moteri kisha nitakuambia namba ya kumupa seremala.