Mbwa kiziwi: nimchukue?

Mama wa Rongai: Wadau, nilienda KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama, kutafuta mbwa wa kulinda geti, nikarudi nimempenda asiyesikia hata honi ya matatu. Mweupe mzima, macho ya buluu, mwaka mmoja hivi. Ukigonga sufuria hageuki; ukikanyaga sakafu kwa kishindo, huyo! Mume wangu anacheka tu: "Mlinzi kiziwi?" Nina mtoto wa miaka 4. Mnasemaje?

Fundi Taa: Dada, chukua. Wangu yuko mwaka wa sita. Anafundishwa kwa mikono: dole gumba juu ni "vizuri", kiganja chini ni "lala". Usiku nawasha na kuzima taa ya nje, anakuja mbio. Ila usimshtue usingizini, anaweza kuuma kwa woga tu. Sogeza mkono karibu na pua, anuse kwanza. Mtoto ajue hilo kabla mbwa hajafika.

Jirani: Geti lifungwe daima. Gari halisikii. Na kola iwe na namba ya simu.

Mama wa Rongai: Asanteni. Tunaenda Jumamosi. Yule aliyecheka ameshaanza kumtafutia jina. Nikamuuliza, atamwita vipi?