Magazini tatu za Luger: naomba msaada kusoma alama zake

Mkusanyaji_Houston
Wakuu, heshima zenu. Nipo Marekani, nakusanya vifaa vya kale vya kijeshi. Nimenunua magazini tatu (vile vibweta vya kuwekea risasi) za Luger P08, bastola ya Kijerumani, muuzaji akasema zote ni za vita vya pili. Moja ina kitako cha mbao, kimegongwa tarakimu nne, herufi ndogo na alama ya kujumlisha. Nyingine ina kitako cha plastiki nyeusi, mwilini imeandikwa fxo na P.08, kuna na ndege tai juu ya 37. Ya mwisho ina 2/1001. Alama hizi zinasemaje?

Babu_Chuma
Mkuu, hiyo fxo ndiyo ya vita vya pili bila ubishi. Ni msimbo wa kiwanda cha C. G. Haenel cha mji wa Suhl; Wajerumani walificha majina ya viwanda kwa herufi ili adui asijue silaha zinatoka wapi. Tai na 37 ni muhuri wa mkaguzi wa jeshi pale pale Haenel.

Ya mbao ndiyo iliyonivutia. Namba ile ni ya bastola yenyewe. Namba zikifika mwisho wa tarakimu nne walianza upya na kuongeza herufi, kwa hiyo bila herufi namba haikamiliki. Askari alipewa magazini mbili, moja ndani ya bastola na moja kwenye mfuko wa ala. Hiyo ya akiba ndiyo iligongwa alama ya kujumlisha.

Mama Suhaila
Mbao peke yake haitoshi kuonyesha ni ya vita vya kwanza, ndugu yangu. Vitako vya mbao vilitumika hata baada ya 1918. Tafuta muhuri mdogo wa taji juu ya herufi. Ukiuona, ilikaguliwa enzi za Kaisari wa Ujerumani.

Na 2/1001 ni ya Ujerumani Mashariki, walitengenezewa polisi wao baada ya vita. Hapo muuzaji amekosea.

Mkusanyaji_Houston
Asanteni sana. Nimepitisha lenzi, taji lipo! Niisafishe kutu kwa brasso?

Babu_Chuma
Hapana, tafadhali! Ukisugua unakula kingo za mihuri, na mnunuzi makini atadhani namba imegongwa upya ili ifanane na bastola fulani. Udanganyifu huo upo mwingi, maana bastola yenye magazini zake halisi bei yake hupanda sana. Pakaa mafuta mepesi kwenye chuma, mbao usiiguse.

Kipanga_wa_Tanga
Mkuu, weka picha ya hilo taji tuione herufi.